Majokofu ya Mji Kasoro Bahari

Treni ya umeme ikishaiacha stesheni ya Ngerengere, milima ya Uluguru huanza kujitokeza upande wa kushoto: kwanza kivuli cha samawati, halafu migongo na mabonde, mwisho Lupanga na Bondwa, vilele vinavyoutazama mji, vikiwa vimejifunika mawingu hata siku ya jua kali. Tangu reli hii ianze kubeba abiria Juni 2024, Dar es Salaam na Morogoro zimetenganishwa na muda usiofika saa mbili, na watu wameshazoea kiasi cha kutotazama nje. Mama aliyekaa kando yangu alikuwa anasinzia na mfuko wa dagaa mapajani. Alipozinduka akaniuliza nafuata nini Moro. Nikamwambia nakwenda kutazama mafriji mabovu.

"Mabovu? Si yanatupwa tu, mwanangu?"

"Yanatupwa wapi, mama?"

Akafikiri kidogo. "La kwangu lipo uani. Natilia mkaa."

Jibu hilo nililisikia tena mara nyingi nilipofika, kinachobadilika ni kile kinachotiliwa tu. Mwingine anaweka unga, mwingine vyombo vya harusi, mwingine pumba za kuku. Nilimkuta hata kijana aliyetoboa ubavu wa friji, akafunga balbu na trei za mayai ndani, akawa anatotoa vifaranga. Hakuna kitu cha umeme kinachokufa polepole kama friji. Redio ikifa inafichwa kabatini, simu inatupwa kwenye droo, lakini friji ni kubwa mno kufichika na lilinunuliwa kwa fedha nyingi mno kutupika.

Morogoro wenyewe wanaiita mji kasoro bahari: mito ipo, milima ipo, matunda yapo, watu wa kila kabila wapo, imekosekana bahari tu. Mtu anayefuatilia habari za ubaridi anaona kasoro hiyo haraka kuliko mwingine. Mji uko mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa kumi na mbili joto lake si mchezo. Samaki wa maji chumvi wanapandishwa kutoka soko la Feri, Dar es Salaam, wakiwa kwenye barafu, soda inauzwa kwa ubaridi wake, na watoto wa shule wananunua barafu za ukwaju na ubuyu mpaka jioni. Ubaridi wa bure uko juu mlimani. Wa huku chini unanunuliwa kwa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Basi kila mtaa una mafriji, na palipo na mafriji kuna mafriji yaliyokufa.

La kwanza kulitazama kwa makini lilikuwa karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu, lile jengo jipya la ghorofa lililobeba jina la watawala wa Waluguru. Mitaa ya jirani kuna mama anauza samaki, na mbele yake amelaza friza la kulala, refu, limechubuka rangi. Nilimwamkia, akanijibu huku anapara perege. Friza hilo, aliniambia, halijachomekwa kwenye umeme tangu alinunue. Alilitaka likiwa limekufa.

"Likiwa zima lingekula luku," alisema. "Hili nalipa barafu asubuhi, jioni bado lipo."

Alifunua kifuniko. Ndani barafu ilikuwa imepasuliwapasuliwa, samaki wamepangwa matabaka, na maji yaliyoyeyuka yanatoka kwa tundu alilotoboa fundi chini. Pembe moja bati lilikuwa limepasuka, na ndani ya ukuta niliona lile povu gumu la njano linalozuia joto. Nilipogusa, chembe zake zilibaki kidoleni na nyingine zikaanguka juu ya barafu. Mama akazipangusa kwa kiganja bila hata kuangalia.

Hizo chembe ndizo zilizonitoa Dar es Salaam. Watu wengi tukisikia gesi ya friji tunafikiria mabomba ya shaba ya nyuma. Katika friji la zamani, la miaka ya tisini mwanzoni kurudi nyuma, gesi iliyo nyingi zaidi haimo kwenye mabomba. Imo kwenye kuta. Povu lile liliumuliwa kiwandani kwa gesi iitwayo CFC-11, na gesi ikabaki imefungiwa ndani ya vitundu vyake vidogo visivyohesabika. Kila povu linapovunjwa, kusagwa au kuchomwa, gesi inatoka. Haina harufu, haina rangi, haimwashi mtu macho. Inapanda tu.

Ikipanda inachukua miaka kufika tabaka la juu la anga, na huko mionzi ya jua inaivunja na kuachia klorini inayokula ozoni, kinga yetu dhidi ya mionzi mikali ya jua. Wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland waliliandika hilo mwaka 1974 na walibezwa sana na wenye viwanda. Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wakipima anga ya Antaktika wakatangaza kwamba ozoni ya huko inapungua vibaya kila majira ya kuchipua, na Septemba 1987 nchi zikakubaliana Montreal kuzifuta gesi hizo. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi 1 Januari 2010 kuachana kabisa na CFC, na kwa kiasi kikubwa lilifanyika; ni mmoja wa mikataba michache ya dunia ambayo mtu anaweza kuitaja bila kucheka pembeni. Ila mkataba ulizuia gesi kutengenezwa. Ile iliyokwisha kuingia kwenye mafriji ya watu ilibaki humo, ikisubiri siku ya kutobolewa.

Anayetoboa, mara nyingi, ni fundi. Niliyemfuata ana kibanda cha mabati Mji Mpya, chini ya mwembe, na nje kuna mafriji yamesimama mkao wa foleni ya zahanati. Jambo la kwanza nililoona ni kwamba yote mabovu hayakuwa na milango. Milango ilikuwa imeegemezwa ukutani peke yake.

"Mlango kwanza," alisema kabla sijauliza. "Hapa watoto wanacheza kombolela."

Alinieleza kama mtu aliyeshaeleza mara nyingi. Mafriji ya zamani yalikuwa na komeo la nje; mtoto akijificha ndani mlango ukajifunga, hana pa kutokea, na sauti haipenyi kwenye povu. Marekani walipoteza watoto wengi kwa namna hiyo mpaka wakatunga sheria mwaka 1956 kwamba kila friji liweze kufunguka kutoka ndani, na ndiyo maana ya mipira yenye sumaku tuliyonayo leo. Hata hivyo friza la kulala lenye ufunguo bado ni mtego, na mtoto mdogo anaweza kushindwa hata na sumaku. Fundi haachi mlango usiku hata mmoja. Hilo ni sharti lake, na ndilo somo la usalama lisilogharimu zaidi ya bisibisi.

Baada ya mlango anasoma kibandiko. Kila friji lina bamba dogo nyuma au ubavuni, na humo imeandikwa gesi yake. R12 ni la zamani, lenye CFC. R134a ni la kati. Halili ozoni lakini linapasha dunia joto, gramu kwa gramu zaidi ya mara 1,400 ya hewa ukaa. R600a ni la kisasa, na gesi yake ni jamaa ya ile tunayopikia. R12 ndiyo mbaya kuliko zote: inaila ozoni na joto lake ni mara 10,000 na ushei. Friji la nyumbani lina gramu 100 hadi 200 hivi za gesi kwenye mabomba. Nilipiga hesabu kwenye simu palepale: gramu 150 za R12 zikiachiwa hewani ni sawa na zaidi ya tani moja na nusu ya hewa ukaa. Fundi alitazama namba, akatazama friji lenyewe, dogo la mlango mmoja, limebandikwa picha za wachezaji wa Simba.

"Na hilo mtu anakata kwa koleo sekunde moja," alisema.

Yeye hakati. Aliwahi kuhudhuria mafunzo ya mafundi wa majokofu, na tangu hapo ana mashine ya kuvutia gesi, ndogo, ya kushika kwa mkono mmoja, na mtungi wa kijivu wenye kichwa cha njano. Aliniruhusu nikae kwenye ndoo nitazame. Alifunga valvu ya kutobolea kwenye kile kibomba kifupi kinachochomoza kwenye kompresa, akaunganisha mpira, akauweka mtungi juu ya mizani ya kupimia unga. Alipokaza skrubu, sindano ya ndani ikatoboa shaba na geji ikaruka. Mashine ikaanza kunguruma. Hakuna kitu kingine cha kuona. Kama robo saa mshale wa geji ulishuka taratibu ukapita sifuri, bomba likapoa mpaka likatoka jasho, na mizani ikaongezeka kidogo sana, uzito wa maandazi mawili matatu. Kisha akafunga kila valvu kwa mpangilio, akaandika tarehe na uzito kwenye daftari la shule.

Nikamuuliza mtungi ukijaa anafanyaje. Haujazwi kupita asilimia 80 ya ujazo wake, akanijibu, kwa sababu gesi ikipata joto inatanuka na jua la Moro linajulikana. Hilo halikuwa swali langu, na yeye alijua. Akageuza mtungi kidogo kwa mguu. Gesi safi ya aina moja anaweza kuirudisha kwenye friji la mtu mwingine. Ikichanganyika, R12 na R134a pamoja, ni taka. Haitengenezi baridi wala haichambuliki kibandani. Inatakiwa kuchomwa kwenye tanuru lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Ana mtungi wa pili nyuma ya kibanda, umefungwa mnyororo. Una mchanganyiko. Umekaa pale muda mrefu.

Fundi huyu alijifunza kazi kwa mzee mmoja enzi Morogoro ikiwa mji wa viwanda hasa, viwanda vya nguo, vya turubai, vya tumbaku. Wakati huo kuvuja kwa gesi kulitafutwa kwa moto. Bado ana taa ya kizamani ya gesi yenye kipande cha shaba kinywani. Alinionyesha mara moja tu, nje, upepo ukiwa mgongoni mwetu: moto wa samawati, kisha akausogeza kwenye bomba lililokuwa linavuja, na ukageuka kijani cha jani la mgomba. Ni klorini hiyo. Akauzima haraka. Gesi hizi zikipita kwenye moto zinazaa moshi wa asidi na sumu nyingine inayounguza mapafu, na mzee wake, alisema, alikohoa mpaka anastaafu. Kwa R134a taa hiyo haifanyi kazi, maana haina klorini. Leo anatumia povu la sabuni.

Kilichomtia wasiwasi zaidi ni R600a. Kwa tabaka la ozoni na kwa joto la dunia ni nzuri. Wajerumani ndio walioianzisha kwenye mafriji ya nyumbani mwaka 1993, kiwanda kimoja cha iliyokuwa Ujerumani Mashariki kikisaidiana na Greenpeace. Lakini inawaka. Friji linabeba kama gramu 50 au 60 tu, na ndani ya chumba cha nyavu na mabati si tatizo. Ndani ya duka dogo lililofungwa, fundi akija na kichomeleo bila kusoma kibandiko, ni tatizo. Wapo pia wanaojaza gesi ya kupikia kwenye friji la R134a kwa sababu ni rahisi na linapoa kweli. Mwenye friji haambiwi. Mji huu hauhitaji kusimuliwa moto ni nini. Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lililopinduka liliwaka na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Fundi alisema jina la mahali tu, akanyamaza, akaendelea kufungua skrubu.

Kompresa ilipotoka akaiinamisha juu ya chupa ya mafuta ya kula. Mafuta mazito, meusi kidogo, yakachuruzika taratibu, robo lita hivi. Vijana wa bodaboda huyaomba wapake minyororo. Kompresa yenyewe, kama inazunguka bado, ina wateja kuliko friji: wapaka rangi magari wanaigeuza pampu ya kupulizia, na wajaza upepo wa matairi pembeni ya barabara wanaitumia hivyohivyo. Ikiwa imeungua, inakwenda kwa mizani.

Nilikwenda nayo. Kihonda, upande wa viwandani, kuna yadi za vyuma chakavu zilizozungushiwa mabati, na ndani yake mambo yamepangwa kuliko ofisi nyingi ninazozijua: chuma huku, aluminiamu kule, shaba ndani chini ya kufuli. Mwenye yadi alikuwa na kibali chake kimetiwa fremu ukutani. Chini ya kanuni za 2021 za taka hatarishi na za taka za umeme na kielektroniki, anayekusanya vitu hivi anatakiwa kuwa na kibali, na wakaguzi wa mazingira hupita kukagua. Aliniita bosi, nikamwita bosi, tukaelewana.

"Friji zima nalipenda," alisema, "lakini silinunui zima."

Anataka liletwe limeshavuliwa. Bati la nje, sawa. Kompresa, sawa, hata ikiwa na mafuta ndani. Bomba la shaba, sawa sana. Vijana wake wanalikwangua kwa kisu kwanza, maana mafriji mapya mengi yana aluminiamu iliyopakwa rangi. Grili ya nyuma, waya, hata skrubu. Nikamtajia vilivyobaki kimoja kimoja. Plastiki ya ndani? Labda, ikisagwa. Kioo? Hapana. Mpira wa mlango? Hapana. Povu? Akacheka. Gesi? Akacheka zaidi.

Hapo ndipo nilipoliona jambo zima limekaa wazi mezani. Sheria ipo, na mafundi waliofundishwa wapo. Friji la Morogoro linachambuliwa vizuri ajabu, kwa mikono, bila mashine ya mabilioni, na karibu kila gramu yenye bei inamfikia mtu anayeihitaji. Vinavyobaki bila mwenyewe ni viwili tu, gesi na povu, kwa sababu havina mnunuzi, na bahati mbaya ndivyo viwili vyenye madhara. Mizani ya yadi haikosei. Inapima kile ilichotengenezewa kupima. Nyuma ya yadi nyingine, ambayo sitaitaja, niliona doa jeusi ardhini na vipande vya povu vilivyoungua nusu. Kijana alikuwa amechoma kuta ili bati litoke upesi. Povu hilo likiungua kwa moto mdogo linatoa moshi wenye sianidi, na yeye alikuwa amejifunga fulana puani.

Nchi zenye viwanda vya kazi hii hufanya hivi: friji likifika linainamishwa, gesi na mafuta vinavutwa pamoja, mafuta yanapashwa moto ili gesi iliyoyeyuka ndani itoke nayo. Kisha kabati lote linatumbukizwa kwenye chumba kilichofungwa, kimejazwa naitrojeni kisilipuke, linasagwa. Gesi ya povu inagandishwa kwa baridi kali au inanaswa na mkaa maalumu. Unga wa povu unakandamizwa kuwa vidonge, sumaku inachukua chuma, na mtambo mwingine unarusha aluminiamu na shaba pembeni. Karibu na kwetu, Rwanda ina kituo cha taka za kielektroniki Bugesera, na Nairobi kuna WEEE Centre. Rwanda ina sababu ya kujivunia katika jambo hili: ni Kigali, Oktoba 2016, nchi zilipokubaliana kupunguza na hizi gesi za R134a na ndugu zake. Lakini kulisafirisha friji bovu kutoka Mji Mpya hadi Bugesera ni mzaha. Kinachoweza kusafiri ni mtungi. Na matanuru yenye joto la kutosha tunayo, Wazo Hill na Tanga, yakichoma saruji usiku na mchana. Huko ng'ambo matanuru ya saruji yameshatumika kuteketeza gesi hizi, kwa kipimo kidogo na chini ya uangalizi mkali. Sisemi ni jambo la kufanya kesho. Nasema mtungi uliofungwa mnyororo nyuma ya kibanda uko umbali wa saa chache kutoka kwenye moto unaotosha.

Asubuhi nyingine nikapanda Mgeta, juu milimani. Gari la abiria linafuata barabara ya Iringa hadi Mzumbe, linakata kushoto Sangasanga, halafu linaanza kupanda kwa gia ya kwanza. Kabla ya nusu ya njia watu walikuwa wameshavaa masweta. Huko juu matuta ya kabichi, karoti na njegere yamening'inia kwenye miteremko ambayo mtu wa Dar angeiogopa kwa miguu mitupu, na maroli yanashusha mboga kila siku kwenda kuliwa mjini. Nilidhani kwenye baridi hii friji halina kazi. Nilikosea nusu. Dukani Nyandira kulikuwa na friji la mlango wa kioo linawaka, na kando yake la zamani limelazwa chali, limejaa maharage ya mbegu.

"Panya," alisema mwenye duka, kana kwamba neno hilo linatosha. Lilitosha.

Nilichokifuata kilikuwa kwenye stoo ya zahanati moja ya njiani. Mhudumu, ambaye kijiji kizima kinamwita daktari, alisogeza maboksi ya gloves na vitanda vilivyovunjika, na nyuma kabisa kulikuwa na jokofu jeupe la chanjo, la enzi za mafuta ya taa na gesi, kabla ya umeme kufika. Friji la namna hii halina kompresa wala kitu kinachozunguka. Moto mdogo unachemsha amonia iliyoyeyushwa kwenye maji, amonia inapanda, inapoa, inarudi, na safari hiyo ndiyo inayoleta baridi. Wanafunzi wawili wa Kiswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, ndio waliobuni mwaka 1922. Kwa miaka mingi mashine ya aina hii ndiyo iliyofikisha chanjo hai vijijini, mradi mtu aamke usiku kukata utambi. Chanjo inataka nyuzi 2 hadi 8, na moto wa taa haujui nyuzi.

Sasa zahanati ina jokofu la sola lisilo na betri hata moja. Paneli inagandisha barafu mchana, barafu inalinda chanjo usiku. Lile kongwe limebaki stoo. Mabomba yake ni ya chuma, si ya shaba, kwa hiyo wezi hawana haja nalo. Ndani yake, pamoja na amonia, kuna kromati ya sodiamu iliyotiwa ili chuma kisioze, maji ya rangi ya njano ambayo ni sumu na husababisha saratani. Akija kijana na msumeno, amonia itamfukuza kwanza, na kromati itaingia ardhini baadaye.

"Kwa nini haliondolewi, daktari?"

Akanionyesha ubavu. Kulikuwa na namba ya serikali imeandikwa kwa rangi nyekundu. Mali ya umma haitoki bila kufutwa kwenye daftari, na kufutwa kuna kamati, fomu na saini. Nilikuwa tayari kulalamikia urasimu, kisha nikafikiria yadi za Kihonda. Kwa mara moja ile namba nyekundu ilikuwa imefanya kazi ya mazingira bila kukusudia: hakuna aliyethubutu kulikata. Ila stoo ina unyevu, na kutu haisubiri kamati.

Nje ya dirisha maji yalisikika. Mto Mgeta unazunguka milima kwa mbali kabla ya kuingia Ruvu. Mto Morogoro unapita katikati ya mji, unaingia Ngerengere, nao Ngerengere unaingia Ruvu. Ruvu ndiyo inayonywesha Dar es Salaam. Mafuta ya kompresa yaliyomwagwa Mji Mpya na kromati ikitoka stoo hii vina anuani moja, na anuani hiyo ni pamoja na bomba la nyumbani kwangu Tabata.

Gari la abiria la jioni lilikuwa limejaa, nikashuka na lori la kabichi, mbele na dereva. Alikuwa kijana mcheshi, mkewe anauza barafu za ukwaju Kihonda, na alifurahi kupata mtu wa kumuuliza. Anataka kununua friza. Aangalie nini?

Nikamwambia asome kibandiko kwanza. Akikuta R12 aliache, hata likigawiwa bure, kwa sababu siku ya kulitengeneza hatapata gesi halali. Akikuta R600a ni zuri na halili umeme sana, ila aliweke penye hewa na fundi yeyote akija na moto amfukuze. Atie noti mlangoni, aufunge, aivute. Noti ikitoka kirahisi, mpira umechoka na LUKU itakwisha. Na anunue kifaa cha kulinda friji, kwa sababu umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo ndio unaoua kompresa nyingi, hata baada ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuwashwa 2024 na mgao kupungua.

Alisikiliza vizuri, anapiga kona huku kabichi zinaguna nyuma. "Na la zamani? Lipo, limekufa. Nilikuwa nampa mtu wa vyuma."

Nikamweleza habari za yule fundi wa mwembeni, mashine yake, mtungi na daftari. Kwamba ampelekee kabla ya mtu wa vyuma, atavuta gesi, atatoa mafuta, ndipo bati na kompresa viende kwenye mizani.

"Atanilipa kiasi gani kwa hiyo gesi?"

"Hakulipi. Wewe ndiye utamlipa. Ya kazi yake."

Alinigeukia kuhakikisha kama natania, kona ikiwa mbele yetu, kisha akaangua kicheko ambacho hakikuisha mpaka taa za Sangasanga. Alipotaka kunishusha Msamvu aliuliza tena, safari hii bila kucheka, kama huyo fundi anafungua Jumapili.